Kofia ya mgodi haichungi moyo

Mu vilio vingi vya hapa Lubumbashi kuna neno moja linalorudia: « Alirudia ku kazi muzima, akakula, akalala, hakuamuka. » Mara nyingi ni mtu wa miaka 45 ao 50, shofere wa gari kubwa la mgodi, mtu wa nguvu ambaye hata malaria haikumlaza. Mbele maiti itoke mu morge, watu wameisha kutafuta mwenye kosa. Hawa wanasema ni sumu ya mwenzake wa kazi aliyetamani nafasi yake. Wale wanamwangalia mjane kwa jicho mbaya na kusema ni buloji. Mara nyingine mjane anafukuzwa mu nyumba pamoja na watoto, na ndugu za marehemu wanabeba mpaka friji. Hakuna aliyeuliza: tansio yake ilikuwa ngapi? Damu yake ilipimwa lini?

Hatusemi kila kifo cha gafula kinatoka ku moyo. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni, ile OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 17,9 walikufa duniani juu ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Kwa kila 100 ya hao, 85 waliuawa na mshipa wa moyo kuziba ao na ubongo kupooza. Na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilipatikana mu inchi maskini na zile za katikati, si kwa matajiri peke yao kama tunavyopenda kufikiri. Hakuna ugonjwa mwingine unaoua watu wengi hivi. Sasa kwa nini hapa kwetu mtu wa kwanza kushitakiwa ni mjane?

Wazo letu ni hili. Mu muji wa migodi tumezoea kuchunga mtu kwa inje: kofia, buti, glavu, miwani, gile inayong'aa usiku. Ku mlango wa kampani wanapima hata pombe mu pumzi yako. Ni vizuri, na tusiache. Lakini kofia haichungi moyo. Moyo unachungwa ku sufuria, ku chupa, ku usingizi na ku kipimo cha damu. Na pale kampani nyingi zinanyamaza, na siye ku nyumba tunanyamaza vilevile.

Kolesteroli njo nini?

Watu wanasikia neno hili ku redio na kudhani ni sumu. Si sumu. Ni namna ya mafuta ambayo ini yenyewe inatengeneza, na mwili unaihitaji kwa kujijenga. Sehemu ingine inatoka mu nyama, mayai, maziwa na vyakula vingine vya wanyama. Inasafiri mu damu kwa njia mbili. Kuna ile wanaita LDL, inayobeba kolesteroli na kuipeleka mu mwili wote. Ikizidi, inajipenyeza mu ukuta wa mshipa na kubaki pale. Na kuna HDL, inayookota ile ya ziada na kuirudisha ku ini. Njo maana waganga wanaita ya kwanza mbaya na ya pili nzuri.

Wenye kutumika mu usini wanajua bomba linalopitisha maji yenye tope. Tope linashika ku ukuta kidogo kidogo, bila kelele. Mshipa nao ni hivyo, lakini unaongeza hatari ingine: siku moja kile kilichoshika ku ukuta kinaweza kupasuka, damu inaganda juu yake, na mu dakika chache njia inafungwa. Kama ni mshipa wa moyo, moyo unakosa hewa. Kama ni wa ubongo, mtu anapooza upande moja ao anakufa.

Ubaya wa kolesteroli ni kwamba haiume. Unaweza kukaa nayo miaka 20, unatumika, unacheka, unacheza mpira. Hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo, na kuna jamaa zingine zinaipata kwa urithi. Tena haitumiki peke yake. Tansio ya juu, maladi ya sukari na sigara vinaumiza ukuta wa mshipa, kisha kolesteroli inapata pa kushika.

« Ile ni maladi ya Wazungu »

Tunasikia hivyo kila siku. Kuna ukweli wa zamani ndani yake, na tuuseme. Mwaka 1929 munganga mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika juu ya watu 1.000 aliowapima tansio ku Kenya, watu wa kijiji. Tansio yao haikupanda na uzee kama ile ya Wazungu. Wazee wetu basi hawakusema uongo: ku kijiji ugonjwa huu ulikuwa haba.

Lakini hadithi haikuisha pale. Miaka ya 1980 watafiti wengine walifuata Wajaluo waliotoka ku kijiji kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki. Tansio ya wale waliohama ilianza kupanda mu miezi ya kwanza tu. Uzito wao ulikuwa umezidi, na chumvi mu mikojo yao vilevile. Damu ilikuwa ileile, babu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha.

Sasa sisi ni nani? Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na sababu yake ni shaba. Babu zetu walitoka Kasai, Luapula, Lomami, ku Tanganyika, wakaja kutafuta kazi. Siye wote ni batoto ya watu waliohama. Kile kilichowapata Wajaluo kule Nairobi, siye tumekiishi vizazi vitatu, vine.

Baba alienda, sahani ikabaki

Wazee wanakumbuka posho. Toka mwisho wa miaka ya 1920, wakati Union Minière ilipoamua watumikaji wakae ku kambi na bibi na watoto, chakula kilipimwa: unga, mafuta ya ngazi, samaki, nyama, kalanga, maharagi, chumvi. Haikuwa juu ya mapendo. Walitaka mikono yenye nguvu. Baadaye Gécamines nayo iligawa unga, ikatunza wagonjwa, ikasomesha watoto. Njo maana wazee walisema kampani njo baba, njo mama. Na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi, alipoandika mwaka 2001 juu ya maisha ya watumikaji hao, alikiita kitabu chake *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani watoto walioachwa na baba yao. Miaka miwili nyuma, mu 2003 na 2004, watumikaji zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitolewa ku kazi kwa ile waliita « départ volontaire ».

Baba alienda, lakini sahani yake ilibaki. Ile posho ilipimwa kwa mtu wa koleo na piki, mtu aliyetoka jasho toka asubui. Leo wengi wetu tunakaa mu kabini yenye klimatizasio, saa 12, tunashika usukani. Wengine wanaangalia mashine mbele ya ekrani. Busu ya kampani inatubeba, inaturudisha. Tunakula sahani ya mtu wa koleo, tunafanya kazi ya kiti. Na mlima wa bukari haukupunguka. Juu yake tumeongeza vile baba hakutupa: sosisi, kuku ya barafu na ngozi yake, soda, bia kila wikendi.

Bakrezeri watasema: « Siye tunachimba na mikono, hatuna kitambi. » Ni kweli, kutumikisha mwili kunasaidia moyo. Lakini jasho halifuti sigara, wala lutuku, wala siku nzima ya bitumbula tu vilivyopikwa mu mafuta meusi. Na watu wa posti ya usiku wana mzigo wao: kulala muchana, kukula saa tisa ya usiku, kubadilisha posti kila wiki. Watafiti mu inchi nyingi wameona kwamba kazi ya usiku ya miaka mingi inaongeza hatari ya moyo. Mtu wa posti ya usiku anahitaji kuchunga sahani yake kuliko wengine.

Ku sufuria

Tuanze na mafuta ya ngazi, juu pale watu wanakasirika mbio. Hatuyatukani. Mafuta mekundu hayana kolesteroli ndani yake, na ile rangi ni mali: mwili unaigeuza kuwa vitamini A, nzuri kwa macho ya watoto. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya namna ile inayoganda, na namna ile njo inapandisha LDL mu damu. OMS inaomba mafuta yanayoganda yasipite sehemu moja kwa 10 ya nguvu tunayokula kwa siku. Kwa mtu wa kalori 2.000 ni kama gramu 22. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya ngazi vimeisha kukaribia pale, mbele nyama haijaingia. Sasa angalia sombe yetu ya siku ya mungu, mafuta yanaelea juu kama ziwa. Vijiko vingapi viko pale?

Basi tuyapime. Mafuta yaingie mu sufuria kwa kijiko, yasimwagwe toka ku bido. Tuache ile desturi ya kuyachoma mpaka yawe meupe: unapoyachoma hivyo, unaua ile vitamini na unabakiza mafuta matupu. Kwa vyakula vingine tubadilishe, tutumie mafuta ya kalanga, ya soya ao ya alizeti, yenye mafuta yanayoganda kidogo zaidi. Na mafuta yaliyokaangia bitumbula siku tatu yamwagwe. Hayafai tena.

Chumvi ni ya pili. OMS inasema gramu 5 kwa siku zinatosha mtu mkubwa, ni kama kijiko kimoja kidogo, na ndani yake uhesabu kila kitu. Siye tunatia chumvi mu sombe, chumvi mu samaki kavu, kisha tunavunja kube mbili, tatu. Kube ya mchuzi, karibu nusu yake ao zaidi ni chumvi. Mwenye kutia kube, apunguze chumvi. Kitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili vinaweza kutumika ile kazi.

Ya tatu ni michopo na chupa. Mwisho wa mwezi, mbuzi ku moto, Simba ya baridi, masikilizano na wenzetu: hatutaki kuua furaha ya watu wanaoshinda chini ya udongo. Lakini bia nane kwa usiku moja zinapandisha tansio na mafuta mu damu, na michopo yenye mafuta matupu kila siku ya posho inarudi kudai deni. Nyama iwe ya siku moja moja, mafuta yake yatolewe. Na sigara, pale hatuna cha kujadiliana: inaumiza mshipa, inashusha HDL. Kuiacha kunaanza kusaidia moyo mu mwaka wa kwanza.

« Chakula kizuri ni cha wenye makuta »

Hili njo neno gumu zaidi, na hatulipiti. Wakati bei ya unga inapanda pa Kasumbalesa, mama ananunua meka moja na mafuta ya kadogo, hawezi kufikiri juu ya kolesteroli. Njaa ni ya leo, moyo ni wa kesho.

Lakini tuhesabu kwa haki. Lengalenga, matembele, bilolo, sombe yenyewe: ni vya bei ndogo, vinauzwa pa soko Kenya na pa Katuba kila asubui. Maharagi yanasaidia kushusha kolesteroli kwa sababu ya nyuzi zake. Kalanga ina mafuta mazuri. Kapenta, tomsoni, samaki ya Kasenga ni bora kuliko sosisi. Embe na papai ya lupango haziombi makuta. Kinachokula mfuko wetu ni kreti ya bia, soda, nyama ya barafu, mkate mweupe na margarini. Maskini wa kweli wako, na kwao kelele yetu ni bei ya unga ishuke. Lakini mu nyumba nyingi za watumikaji wenye mshahara, moyo unaharibiwa na makuta, si na umaskini.

Tena tusitupie ba mama mzigo wote. Ni rahisi kuandika « ba mama wapike vizuri ». Na papa anayesukuma sahani juu mafuta ni kidogo, anayesema « hii ni chakula ya hospitali »? Na siye wote tunaompongeza mtu akinenepa, « ee, papa, umepata mwili, kazi inalipa », na kumcheka anayepunguza uzito kwamba yuko na maladi? Kitambi si shahada. Mpaka tuache kukisifu, hakuna mama atakayeshinda pekee.

Kuna watu walibadilika

Mu inchi ya Finlande kuna jimbo la Karelia ya Kaskazini. Nako kulikuwa mgodi wa shaba, Outokumpu, uliovumbuliwa mwaka uleule wa 1910 ambao muji wetu ulizaliwa. Watu wake walikuwa wakata miti, wakulima, wachimbaji. Walikula siagi nyingi, chumvi nyingi, wakavuta sigara, na wanaume walikufa na moyo wangali vijana, kuliko karibu kila pahali duniani. Mwaka 1971 viongozi wa jimbo walipelekea serikali ombi: mutusaidie. Mwaka 1972 kazi ilianza, ikiongozwa na munganga Pekka Puska.

Hawakujenga kwanza hospitali kubwa. Walienda mu nyumba, wakakaa na vyama vya ba mama, wakafundisha kupika. Waliongea na watengenezaji wa sosisi wapunguze mafuta na chumvi. Siagi ikapewa nafasi ndogo, mafuta ya mimea yakaingia. Tansio ikapimwa kwa wote. Kisha miaka zaidi ya 30, vifo vya moyo kwa wanaume wa miaka ya kazi vilikuwa vimeshuka zaidi ya 80 kwa 100. Watu walikuwa wale wale. Walibadilisha sufuria, na wakuu walibadilisha duka.

Tunachoomba kampani

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwenye kutumikisha kugaramia matunzo ya mtumikaji na jamaa yake. Wengi wanaielewa kama kulipa bili mtu akiisha kuanguka. Siye tunasema matunzo yaanze mbele.

Moja: ku vizite ya kila mwaka, pamoja na mapafu na masikio, wapime tansio, sukari na kolesteroli ya kila mtumikaji aliyepita miaka 40, na ya kila kijana mwenye kitambi, mwenye kuvuta sigara ao mwenye mzazi aliyekufa na moyo. Kipimo cha damu ni kitu kidogo mbele ya bei ya gurudumu moja la gari la mgodi.

Mbili: majibu yabaki siri ya munganga na mgonjwa. Leo watu wanaficha tansio yao, wanakunywa dawa chinichini, juu wanaogopa kufukuzwa. Mtumikaji anayejificha njo hatari kwa wote, yeye mwenye kuendesha tani 100.

Tatu: kantini. Kama kampani inalisha watu 1.000 kila siku, mpishi wake ana nguvu kuliko munganga wake. Mboga kila siku, maharagi, samaki, maji. Mafuta na chumvi kwa kipimo.

Nne: wale wa sutretansi wasiachwe inje. Wanavaa gile ileile, wanapumua vumbi lileile, lakini munganga wa kampani hawajui. Sendika zetu, zinapoketi na wakubwa, ziongee juu ya hayo pia, si juu ya mshahara tu.

Mu nyumba

Na siye, tusingojee baba mwingine. Upimwe tansio, hata kama huumwe kitu; ikifika 14 juu ya 9 mara nyingi, umwone munganga. Uombe kolesteroli ipimwe. Waganga wengi hawapendi ile ya jumla ipite miligramu 200 kwa desilita. Ukipewa dawa, ni ya kila siku. Kuiacha juu « minasikia sasa muzuri » ni kufungua mlango upya, na chupa ya mwuzaji wa mu busu anayeahidi kusafisha damu haiwezi kukamata nafasi yake. Siku ya mapumziko utembee kwa miguu. Dakika 30, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanza. Mashamba ya mvua nayo ni michezo.

Na kila mtu mu nyumba, mpaka mtoto wa miaka kumi, ajue alama hizi: kifua kinabanwa kama mtu amekikalia, maumivu yanaenda ku mkono ao ku taya, jasho baridi, pumzi inakatika. Ao mdomo unapinda, mkono unaanguka, maneno yanachanganyika. Pale ni hospitali mara moja, hata usiku, hata kwa moto ya jirani. Maombi tutaomba njiani. Kila dakika inakula moyo ao ubongo.

Na kama, Mungu atuepushe, mtu ameisha kuondoka, basi ba ndugu, mbele ya kumwangalia mjane, muombe karatasi ya munganga. Musome kilichoandikwa pale. Kisha wale walio hai, ndugu za damu ya marehemu, waende kupimwa wiki ile ile, juu kama ilikuwa ni moyo, wao njo wa kwanza kwenye orodha. Mjane abaki mu nyumba yake, na friji yake.